Stenti ya moyo, kidonda cha tumbo: kisa cha dawa moja iliyoachwa

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 63, seremala mstaafu, mkazi wa Buruburu, Nairobi. Miezi minne kabla ya kuletwa kwetu alipata mshtuko wa moyo. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba, ukazibuliwa na kuwekewa stenti, yaani kibomba cha wavu kinachoushikilia ubaki wazi, ya aina ile inayotoa dawa polepole. Alirudi nyumbani na mfuko ambao mtu yeyote anayehudumia wagonjwa wa moyo angeutambua: aspirini miligramu 75 na klopidogreli miligramu 75 za kuzuia damu isigande, atorvastatini miligramu 40 ya kolesteroli, bisoprololi ya kutuliza mapigo ya moyo, enalaprili, na omeprazoli miligramu 20 ya kulinda tumbo. Kisa nimekishona kutokana na wagonjwa kadhaa wanaofanana, kwa hiyo asitafutwe mtu mmoja humu ndani.

Dawa ya mwisho kwenye orodha hiyo ndiyo iliyozua yote.

Binti alisoma sawasawa

Kila Jumapili binti yake hutoka Rongai kuja kumpangia baba dawa za wiki katika kile kisanduku chenye vyumba saba. Jumapili moja alifungua karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la klopidogreli, akasoma kwamba haifai kutumiwa pamoja na omeprazoli. Akaenda kuuliza kwenye kemisti ya mtaani. Akajibiwa kwamba ni kweli, dawa hizo mbili hazipatani, mzee aache omeprazoli. Mzee akaiacha siku hiyo hiyo.

Binti asilaumiwe. Alisoma jambo la kweli, na aliyemjibu pia alisema kweli. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya jibu: mtu anayemeza aspirini na klopidogreli kwa pamoja, katika umri ule, ana tumbo linalohitaji kinga, na kinga moja ikiondolewa sharti nyingine iwekwe mahali pake. Hospitali iliyoandika omeprazoli nayo ingeweza kuandika dawa nyingine tangu mwanzo, au walau mstari mmoja wa kueleza kwa nini imechagua hiyo.

Siku chache baadaye kiungulia kikaanza, tena kikali kuliko alivyowahi kukijua. Hilo halikuwa ajabu. Tumbo lililokaa miezi likizuiwa kutoa asidi, kizuizi kikiondolewa ghafla, hutoa asidi kwa wingi kupita kawaida yake. Katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2009, watu wenye afya, wasio na tatizo la tumbo, walipewa esomeprazoli, ndugu wa omeprazoli, kwa wiki nane kisha ikakatizwa bila wao kujua. Katika wiki nne zilizofuata asilimia 44 walilalamikia dalili za asidi, ilhali miongoni mwa waliomeza vidonge visivyo na dawa muda wote walikuwa asilimia 15. Mzee alidhani anaugua upya. Akawa anatafuna vidonge vya magnesiamu mchana na kunywa Eno usiku.

Kisha kuna goti. Tulipomuuliza ni dawa gani nyingine anatumia, alijibu bila kusita: "Hakuna, daktari. Ni hizi za moyo tu."

Mkewe akamtazama. "Na zile za goti?"

"Hizo si dawa, mama. Hizo ni za kutuliza maumivu."

Za goti zilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo nayo huumiza tumbo, miligramu 50, asubuhi na jioni, kwa muda wa wiki tatu hivi. Hapa mjini diklofenaki hununuliwa kwa vipande vya karatasi ya fedha bila boksi, bila maelezo, na kwa bei ya chini kuliko nauli ya kwenda kumwona daktari. Ndiyo sababu swali la "unatumia dawa gani?" halitoshi. Uliza mgongo, uliza goti, uliza kichwa, uliza meno, na ikiwezekana muulize mtu anayeishi naye.

Siku aliyoletwa

Aliletwa akiwa na kizunguzungu na uchovu uliomfanya apumzike katikati ya ngazi. Kwa siku tatu choo kilikuwa cheusi, kinanata, chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida. Shinikizo la damu lilikuwa 104/62. Mapigo ya moyo yalikuwa 84 kwa dakika, nambari inayoweza kumtuliza mtu asiyesoma orodha ya dawa. Mgonjwa anayemeza bisoprololi hawezi kuonyesha mapigo ya haraka kama mwingine anayepoteza damu, kwa hiyo 84 yake si 84 yangu. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 8.9, yaani chini.

Kabla ya kusema lolote kuhusu tumbo, kifua chake kilichunguzwa kama kifua cha mtu mwenye stenti. Alipimwa umeme wa moyo na troponini, ile inayopanda kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, mara mbili, na hakukuonekana dalili ya mshtuko mpya. Natumia sentensi chache hapa ila sisemi ni jambo dogo: mtu aliyewekewa stenti akisema kifua kinawaka, kinachofuatia si kizuia asidi bali ni kipimo cha moyo, hasa ikiwa maumivu huja akitembea au kupanda mlima, au yanakuja na jasho. Wapo waliotafuna magnesiamu huku mshipa ukiziba.

Asubuhi hiyo alikuwa amefanya uamuzi mwingine peke yake. Jirani alikuwa amemwambia kwamba klopidogreli "inafanya damu kuwa maji", naye hakuimeza. Hapo hatari zikawa mbili, kila moja ikivuta upande wake. Tumbo linavuja damu. Stenti ya miezi minne, iliyowekwa baada ya mshtuko wa moyo, bado inahitaji dawa mbili, aspirini na klopidogreli, za kuzuia chembe sahani, zile chembe zinazogandisha damu, zisishikane. Muda wa kawaida ni miezi 12, na kuukatiza mapema bila mpango ni mojawapo ya sababu kubwa za stenti kuziba ghafla. Stenti ikiziba ghafla, wengi hupata mshtuko mkubwa au kufa.

Daktari wa moyo alipigiwa simu kabla ya mtu yeyote kuandika neno "simamisha". Waliafikiana hivi: aspirini isikatizwe hata siku moja, klopidogreli isubiri endoskopi, yaani kamera ya kuchungulia tumboni kupitia mdomo, ambayo ifanyike ndani ya saa 24, diklofenaki ikome kabisa, na kizuia asidi, yaani dawa ya jamii ya omeprazoli, kianze kupitia mshipa mara moja. Hakuongezewa damu, kwa kuwa kwa mgonjwa wa moyo asiye na maumivu ya kifua mpaka unaotumiwa ni hemoglobini ya takriban 8.

Wapo watakaoshangaa aspirini kuendelea wakati mtu anavuja damu. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2010 uliwachukua wagonjwa 156 waliokuwa wakitumia aspirini kwa ajili ya moyo au mishipa ya ubongo na ambao vidonda vyao vilikuwa vimevuja damu na kuzibwa kwa endoskopi. Nusu waliendelea na aspirini, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, na wote walipata kizuia asidi. Walioendelea na aspirini walivuja damu tena mara nyingi zaidi ndani ya siku 30, asilimia 10.3 dhidi ya 5.4. Lakini baada ya wiki nane waliokufa walikuwa asilimia 1.3 kati ya walioendelea na asilimia 12.9 kati ya walioachishwa. Kidonda kinachovuja kinaonekana, kinatisha, na mara nyingi kinaweza kuzibwa. Mshipa wa moyo hauonyeshi chochote mpaka umeziba.

Endoskopi ilionyesha kidonda kimoja karibu na mlango wa chini wa tumbo, chenye sakafu safi, kisichovuja tena. Hiyo ni aina isiyo na hatari kubwa ya kurudia. Jioni hiyo hiyo akameza klopidogreli yake. Kipande cha ukuta wa tumbo kilichochukuliwa kupimwa kilionyesha H. pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo.

Ini linaingiaje hapa

Klopidogreli humezwa ikiwa haina nguvu yoyote. Takriban asilimia 85 ya kinachofyonzwa huvunjwa na kuwa kitu kisicho na kazi. Sehemu ndogo inayobaki hupitia hatua mbili kwenye ini ndipo iwe dawa kamili, na kimeng'enya kiitwacho CYP2C19 kinashiriki hatua zote mbili. Dawa ikishakamilika hujifunga kwenye kipokezi cha P2Y12 juu ya chembe sahani na haiachii tena mpaka chembe hiyo ife, yaani siku 7 hadi 10.

Omeprazoli nayo huvunjwa na CYP2C19, na katika kuvunjwa hukizuia. Esomeprazoli, ambayo ni nusu moja ya omeprazoli, hufanya vilevile. Matokeo yake ni kwamba klopidogreli inayokamilika inapungua. Katika vipimo vilivyomo kwenye maelezo rasmi ya klopidogreli barani Ulaya, omeprazoli ya miligramu 80 ilipunguza dawa kamili kwa asilimia 45 kwenye dozi ya kwanza kubwa na asilimia 40 kwenye dozi za kila siku. Pantoprazoli ya miligramu 80 ilipunguza kwa asilimia 20 na 14.

Sasa ule ushauri unaosikika kila mahali, wa kumeza omeprazoli asubuhi na klopidogreli usiku. Hausaidii. Vipimo hivyo vilirudiwa dawa zikitenganishwa kwa saa 12 na upungufu ukabaki ule ule. Omeprazoli hutoka kwenye damu baada ya saa chache, lakini kimeng'enya kilichokwisha kuzimwa hakiamki. Ini hulazimika kutengeneza kingine. Kuhamisha saa ya kidonge ni kumpa mgonjwa ratiba ngumu bila faida, na ratiba ngumu ndiyo inayozaa siku zilizorukwa.

Uthibitisho una nguvu kiasi gani?

Mwaka 2008 madaktari wa Brest, Ufaransa, waliwafuatilia wagonjwa 124 wenye stenti waliokuwa wakitumia aspirini na klopidogreli. Siku saba za omeprazoli zilitosha kuonyesha maabarani kwamba chembe sahani zimezuiwa kidogo zaidi kuliko kwa wenzao. Mwaka uliofuata ukachapishwa uchambuzi wa wanajeshi wastaafu 8,205 wa Marekani: waliotumia klopidogreli pamoja na kizuia asidi walikufa au kulazwa tena kwa tatizo la moyo kwa asilimia 29.8, wasiotumia kizuia asidi asilimia 20.8. Mwaka huo huo, 2009, mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zikatoa maonyo, na maonyo hayo ndiyo yaliyoishia kwenye karatasi aliyoifungua binti wa mzee.

Tofauti hiyo ya asilimia tisa inatisha ikisomwa haraka. Lakini nani huandikiwa kizuia asidi? Mzee zaidi, mgonjwa zaidi, mwenye kisukari, mwenye figo dhaifu, aliyewahi kuvuja damu. Hata wachambuzi wenyewe walipozisawazisha tofauti hizo kadiri walivyoweza, pengo lilipungua sana, ingawa halikuisha. Ushahidi ninaouona mzito zaidi ni wa jaribio la PLATO, lililolinganisha klopidogreli na tikagrelori, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani. Tikagrelori haihitaji ini liikamilishe. Inafika kwenye damu ikiwa tayari kwa kazi. Hata hivyo waliotumia vizuia asidi walipata matatizo zaidi ya moyo katika makundi yote mawili, na kwa kiasi kinachofanana. Ikiwa kizuia asidi kinaonekana "kumdhuru" hata mtu wa tikagrelori, basi sehemu kubwa ya lawama ni ya hali ya mgonjwa mwenyewe.

Jaribio pekee kubwa lililogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, COGENT, lilichapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 3,761 wote walipewa aspirini na klopidogreli. Nusu wakaongezewa omeprazoli miligramu 20. Hadi siku ya 180, matukio ya tumbo na utumbo yalikuwa asilimia 1.1 kwa wenye omeprazoli na asilimia 2.9 kwa wasio nayo. Matukio ya moyo yalikuwa asilimia 4.9 kwa wenye omeprazoli na 5.7 kwa wenzao, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Lakini jaribio hilo lilikatizwa mapema kwa sababu mfadhili aliishiwa na fedha, na matukio ya moyo yalikuwa machache kiasi kwamba madhara ya wastani hayawezi kufutwa kabisa.

Msimamo wangu kwa hiyo ni huu. Kupungua kwa dawa kwenye damu ni kweli, kumepimwa. Madhara kwa moyo hayajathibitishwa, wala hayajakanushwa kikamilifu. Faida kwa tumbo imethibitishwa. Mtu anayechagua kati ya "omeprazoli pamoja na klopidogreli" na "klopidogreli bila kinga yoyote" kwa mgonjwa kama huyu, chaguo la pili ndilo baya zaidi. Lakini hakuna anayelazimika kuchagua kati ya hayo mawili, maana pantoprazoli ipo Nairobi, hata katika maduka madogo ya dawa, na tofauti ya bei kwa mwezi ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya endoskopi moja.

Kuna pia wazo la kuondoa aspirini na kubakiza klopidogreli peke yake ili tumbo lipumzike. Lisikubaliwe haraka. Mwaka 2005, tena Hong Kong, wagonjwa 320 waliopona vidonda vilivyovuja damu kwa sababu ya aspirini walipewa ama klopidogreli peke yake au aspirini pamoja na esomeprazoli. Baada ya mwaka, waliovuja damu tena walikuwa asilimia 8.6 kwa klopidogreli na asilimia 0.7 kwa aspirini yenye kinga. Klopidogreli si rafiki wa tumbo kama inavyodhaniwa.

Mtego wa pakiti

Nilidhani hapa ndipo kisa kingerahisika. H. pylori imepatikana, itibiwe. Lakini karibu kila kemisti jijini huuza pakiti iliyokwisha kupangwa ya kutibu bakteria huyo, na pakiti nyingi zina esomeprazoli ndani yake pamoja na amoksilini na klarithromisini. Tungemwandikia "pakiti ya H. pylori" tu, angerudishiwa kwa mlango wa nyuma dawa ile ile aliyokuwa ameikimbia, tena mara mbili kwa siku.

Klarithromisini nayo ina lake. Huzuia kimeng'enya kingine, CYP3A4, kinachovunja atorvastatini, na misuli inaweza kuumia atorvastatini ikirundikana. Kipimo cha juu cha atorvastatini mtu akiwa kwenye klarithromisini ni miligramu 20. Yeye alikuwa kwenye 40. Angekuwa kwenye simvastatini, ingebidi isimame kabisa. Tukaandika dawa moja moja kwa majina: pantoprazoli miligramu 40 mara mbili kwa siku, amoksilini gramu 1 mara mbili, klarithromisini miligramu 500 mara mbili, siku 14, na atorvastatini ishuke hadi 20 kwa siku hizo kisha irudi 40. Klopidogreli na aspirini kama kawaida. Kwa goti, parasetamoli na jeli ya kupaka.

Alipewa pia vidonge vya madini ya chuma, na hapo mkewe akauliza swali zuri kuliko yetu: "Sasa choo kikiwa cheusi tena tutajuaje?" Chuma hufanya choo kiwe cheusi cha kijani, kilichoshikana, kisicho na harufu ngeni. Choo cha damu hunata, hung'aa na kunuka vibaya, na kwa kawaida huja na kizunguzungu au udhaifu. Akiwa na shaka aje, asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kuthibitisha kwamba bakteria ameisha kulihitaji mpango pia. Kipimo cha choo hufanywa angalau wiki nne baada ya antibiotiki kwisha, na mgonjwa awe hajameza dawa ya jamii ya omeprazoli au pantoprazoli kwa wiki mbili, la sivyo jibu laweza kusema hakuna bakteria ilhali yupo. Kumwacha mzee huyu wiki mbili bila kinga kungekuwa kurudia kosa lile lile kwa mkono wetu wenyewe. Kwa wiki hizo mbili alihamia famotidini, dawa ya asidi ya jamii nyingine, ambayo haiharibu kipimo kwa kiasi cha maana na haigusi CYP2C19. Simetidini, ya jamii hiyo ya famotidini, isingefaa, kwa kuwa hukizuia kimeng'enya hicho. Kile kipimo cha tone la damu kidoleni kinachofanywa kwenye kemisti nyingi hakikutumika: kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa, hivyo hakisemi kama tiba imefaulu.

Kipimo cha choo kilirudi bila bakteria. Hemoglobini ilipanda hadi 12.4. Akarudi kwenye pantoprazoli miligramu 40 mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi.

Karatasi aliyopewa binti ina mistari mitatu iliyoandikwa kwa mkono. Klopidogreli isiachwe na mtu yeyote isipokuwa daktari wa moyo. Pantoprazoli isibadilishwe kuwa omeprazoli au esomeprazoli hata duka likisema ni kitu kimoja. Dawa yoyote ya maumivu iulizwe kwanza. Juu yake pameandikwa tarehe ambayo miezi 12 ya stenti itatimia. Daktari wa moyo akiondoa klopidogreli siku hiyo, aspirini itabaki, na kwa historia ya kidonda kilichovuja kinga ya tumbo itabaki nayo. Ila aspirini haipitii CYP2C19, kwa hiyo kuanzia hapo mzee anaweza kurudi kwenye omeprazoli yake ya bei nafuu akitaka.